Adabu ya Kuandikiana Mchezoni



Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, mwezi huu nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya mambo mengine kabisa. Lakini limetukia jambo hapa mtaani kwetu, nami naona si vema kulinyamazia. Jambo lenyewe lahusu vijana wanaocheza michezo ya simu, na maneno wanayoandikiana katika makundi yao. Najua baadhi ya wazee watasema: "Maalim naye amekosa la kuandika? Michezo ya watoto yatuhusu nini sisi?" Nawaomba wanisubiri mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nilisema maneno kama hayo, na leo nayajutia.

Kwanza nataka ifahamike kwamba sitoi hukumu ya michezo. Kucheza kwa kuwekeana fedha ni kamari, na kamari imekwisha kukatazwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91. Hilo halina mjadala. Wala sisemi juu ya saa zinazopotea, kwani hilo lataka makala yake. Leo nasema juu ya maneno tu.

Sisi tuliokulia pwani hii, toka Mikindani mpaka mlango wa Ruvuma, tuliyajua maneno ya mchezoni kabla ya kuijua simu. Alasiri, watu wakisha kusali, wazee huketi barazani na bao lao lenye mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Wakisha kuzinamua zote huingia katika mtaji, na hapo ndipo akili hupimwa. Yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu huambiwa "Hamna!", na neno hilo hufuatwa na mengine makali. Ataambiwa akafuge kuku, ataambiwa akamwombe mjukuu wake amfundishe kuhesabu. Tumecheka sana katika mabaraza hayo, na hapana aliyekwenda kwake akilia.

Je, kwa nini halii? Ni kwa sababu anayesemwa na anayesema wameketi pamoja, na kila mmoja auona uso wa mwenzake. Akiona mwenzake ameinamisha kichwa, hupunguza. Na katika kila baraza hukosekani mzee mmoja ambaye, neno likivuka mpaka, hukohoa tu; hasemi kitu, na kikohozi chake chatosha. Kisha muadhini aadhini Magharibi, kete zikusanywe, na maneno yale yafe pale pale. Kesho hapana awezaye kuyaleta sokoni kama yalivyosemwa, kwa kuwa hayakuandikwa.

Basi sasa tuwatazame vijana wetu. Hapa mtaani wako 17 wanaocheza mchezo uitwao Free Fire, uliotoka mwaka 2017. Katika mchezo huo watu wapatao 50 huteremshwa kisiwani, wakapigana kwa bunduki za pichani mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Ili wapate kukutana saa moja na kupanga vikosi vyao vya watu wanne wanne, wamejifanyia kundi la WhatsApp. Nimelisoma kundi hilo kwa idhini yao. Sikukuta upotovu ambao wazee wengi huudhani. Nilikuta vijana wakigawiana bando, wakikumbushana kuwa adhana imekwisha, wakichangiana fedha za nauli baba wa mmoja wao alipolazwa. Ni baraza, ndugu zangu; ni baraza la watu waliokaa kila mmoja chumbani mwake.

Mwezi uliopita kijana mmoja katika hao aliwashinda wenzake usiku mara tatu mfululizo. Mama yake kijana huyu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, akaolewa huku kwetu zamani, kabla ya vita. Hilo si jambo geni hapa. Wamakonde wako kando zote mbili za mto, na ndugu wamekuwa wakivuka kwa arusi na matanga tangu enzi za babu zetu. Mmoja katika walioshindwa, naye ni mwanafunzi wangu wa darasa la Magharibi, akaandika kwa hasira iliyovaa nguo ya mzaha: ati huyu hashindwi kwa sababu damu yake ni ya wale wa ng'ambo, mchana acheza nasi, usiku avuka mto kwenda kwa wenziwe. Wenzake tisa wakatia vile vikaragosi vya kucheka. Mkuu wa kundi, wanayemwita admini, akacheka pamoja nao.

Msomaji wa mbali huenda asilione kosa hapo, akadhani ni utani wa kawaida. Lakini sisi wa pwani ya Ruvuma twajua. Oktoba 2017 vita vilizuka Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya upande wetu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, ng'ambo tu ya mlango wa mto. Yako masikio hapa kwetu ambayo mpaka leo, mlango ukigongwa usiku, hayasikii mlango. Katika nchi ya namna hii, kumwambia mtu "wewe ni wa wale" si mzaha hata kidogo.

Mmoja katika 17 wale akaipiga picha kioo cha simu yake, akakata mwanzo na mwisho, likabaki neno lile peke yake. Akampelekea binamu yake acheke naye. Binamu akampelekea mwingine. Alfajiri ya siku ya pili picha ile ilikuwa imefika katika kundi la mtaa, ambamo wamo wazee, wachuuzi na akina mama. Na hapo hapana aliyejua tena kwamba palikuwa na mchezo. Wengine waliisoma kuwa ni onyo.

Mama wa kijana huyo huuza vitumbua asubuhi. Siku hiyo alirudi nyumbani na sinia lake kama alivyotoka nalo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa alikwenda nyumbani kwao, kwa adabu, akauliza mgeni aliyelala pale wiki iliyotangulia alikuwa nani. Kumbe alikuwa ni mjomba aliyekuja na dawa za mgonjwa. Na kijana mwenyewe akaacha kuja chuoni.

Hapa yanipasa kusema kosa langu. Picha ile nami niliiona alfajiri ile, kabla ya mama yule hajawasha moto wake. Nikasema moyoni, "Mambo ya watoto hayo," nikaiweka simu chini nikaenda kusomesha. Ingalikuwa barazani, mimi ndimi niliyepaswa kukohoa. Sikukohoa.

Nilipomwita mwanafunzi wangu, akaniambia, "Maalim, ilikuwa ni utani tu." Nikamjibu kuwa utani waujua jina, hukuujua kanuni zake. Utani wa mababu ulikuwa na mipaka yake: kila mtani alimjua mtani wake, alijua la kumwambia matangani na la kumwambia arusini, na aliyetaniwa alikuwa na haki ya kurudisha. Utani ambao wamfanya mmoja acheke na mwingine akose kuuza vitumbua vyake si utani. Una jina jingine.

Tena nikamkumbusha habari ya Abu Dharr, radhi za Mungu ziwe juu yake, iliyopokewa na Bukhari. Sahaba huyu mkubwa aligombana na mtu, akamwaibisha kwa mama yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea, akamwonyesha kwamba ndani yake mna mabaki ya ujahili. Tazameni: hakumwambia kuwa ni mzaha, wala hakumwambia kuwa ni hasira za mara moja. Na Abu Dharr hakuwa na simu. Maneno yake waliyasikia waliokuwapo. Sisi leo twamtukana mtu mama yake mbele ya watu tusiowajua idadi.

Kijana akakubali kosa, akaenda nyumbani kwao baada ya Isha kuomba radhi. Nilikwenda naye. Mama akatupokea vizuri, akatupa viti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Maalim, maneno yaliandikwa mbele ya watu, je, radhi ndiyo ije usiku kwa mlango wa nyuma?" Sikuwa na jibu. Wala sikuona jibu zaidi ya kufanya alivyotaka.

Kesho yake kijana akaandika kwa jina lake, katika kundi la mchezo na katika kundi la mtaa, kwamba neno lile alilisema yeye, kwamba lilitoka mchezoni, kwamba ni la uwongo, na kwamba aomba radhi kwa mwenzake na kwa mama wa mwenzake. Mimi nami nikaandika chini yake kwamba niliiona picha nikanyamaza. Vitumbua vikauzwa tena. Lakini wako wanunuzi ambao hawajarudi mpaka leo. Hao waliiona picha, radhi hawakuiona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa ajili hiyo, enyi vijana, nawaandikia adabu hizi chache. Sikuzitunga mimi; nyingi mwazijua tangu chuoni, ila hamjazipeleka katika simu.

Kwanza, liingie kundi kama uingiavyo nyumba ya mtu. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zatufundisha kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia, na kurudi tukiambiwa turudi. Basi mgeni wa kundi atoe salamu, asome desturi za wenyeji, akae kidogo asikilize. Ukiwa na swali, angalia nyuma kwanza; huenda lilikwisha kujibiwa jana, nawe wawachosha watu. Usilete matangazo ya biashara pasipo kuombwa, wala usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne saa nane ya usiku kwa jambo ambalo maneno manne yangetosha.

Pili, usute mchezo, usimsute mchezaji. Kumwambia mwenzako kuwa leo amecheza vibaya, amekimbia, amewaacha wenzake, yote hayo ni ya uwanjani. Lakini kabila lake, mama yake, umbo lake, na simu yake kuukuu ambayo hukwama katikati ya mchezo, hayo si ya uwanjani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kudharauliana, kuaibishana na kuitana majina mabaya, nayo yatukumbusha kwamba huenda anayechekwa ni bora kuliko wanaomcheka. Na jueni ya kuwa kundi dogo lina uzito wake. Katika kundi la watu elfu, neno baya hupita kama upepo. Katika kundi la watu 17, aliyetukanwa amjua kila aliyecheka.

Tatu, maneno ya vita yabaki vitani, yaani ndani ya mchezo. "Tumewavamia", "wamevuka", "tuwamalize": maneno haya katika mchezo wenu ni ya kila saa. Yakitoka nje bila mchezo wake, hapa karibu na mto, ni moto katika makuti. Ukiandika, andika kwa namna ambayo hata likikatwa peke yake litajulikana kuwa ni la mchezo. Na wewe unayelipokea, aya ya 6 ya Sura hiyo hiyo yakuamrisha kuhakikisha habari kabla hujawadhuru watu kwa kutojua, kisha ukabaki na majuto.

Nne, la barazani ni amana. Usilitoe nje bila idhini ya waliosema. Wenye WhatsApp wenyewe, tangu mwaka 2020, wamezuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe ila pahali pamoja kwa mara moja. Lakini picha ya kioo huanza safari yake upya, haina alama ya kule ilikopita. Basi kizuizi cha kweli ni kidole chako. Na kukata mwanzo na mwisho wa maneno ya mtu ni kumsemea lile ambalo hakulisema. Nami sioni tofauti yake na uwongo.

Tano, mkuu wa kundi ajue kuwa yeye ndiye mzee wa baraza, hata kama ana miaka 18. Tangu mwaka 2022 amepewa uwezo wa kulifuta neno la mwanachama yeyote. Alitumie upesi, kisha amwite aliyekosea kando, amwonye faraghani. Kumkaripia mtu mbele ya wenzake humfanya atetee kosa lake. Na wanachama wasimwachie yeye peke yake. Vile vikaragosi tisa vya kucheka vilikuwa ni mashahidi tisa waliosema, "Endelea."

Sita, ukikosea, omba radhi pale pale ulipokosea na mbele ya wale wale waliosikia. Aliyetuma ujumbe ana muda wa siku mbili na saa 12 kuufuta kwa wote. Ufute, lakini usidhani kuwa umemaliza kazi. Kufuta huondoa maandishi. Aliyeumia hubaki ameumia.

Yuko atakayesema kuwa haya ni mawaidha ya msikitini tu. Basi na ajue kuwa serikali nayo ina neno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kutangaza habari za uwongo kwa njia ya kompyuta, na simu yako ni kompyuta mbele ya sheria hiyo. Yakataza kumwandama mtu kwa ujumbe wa kumtisha au kumtesa moyo. Tena yakataza kumtukana mtu kwa asili yake, taifa lake, kabila lake au dini yake. Faini yake na kifungo chake si vya mchezo. Mwanafunzi wangu alipoonyeshwa hayo alitoka jasho, kwani hakujua kuwa mstari mmoja wa usiku waweza kumfikisha mahakamani. Mama yule angaliweza kushtaki, hakushtaki. Asidhani mtu kwamba kila mama atafanya hivyo.

Nanyi wazee wenzangu, msinielewe vibaya. Sisemi mzinyang'anye simu. Aliyenyang'anywa simu kwao huitumia ya rafiki yake, na huko hamtamwona. Nasema kaeni nao. Waulizeni wanacheza nini, nani kawashinda, nani kawaudhi. Mimi nilipokaa nao jioni moja nikaona jinsi kikosi cha wanne kinavyokwenda, jinsi anayeanguka anavyorudiwa na wenzake wakamwinua, nikaelewa kwa nini wanaupenda. Na baada ya jioni hiyo neno langu likapata pahali pa kukaa. Mzee asiyejua mchezo, kikohozi chake hakisikiki.

Mtume ametufundisha kuwa Mwislamu wa kweli ni yule ambaye watu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasomesha watoto kwamba hapo mna mambo mawili: ulimi kwa maneno, na mkono kwa mapigo. Sasa naona ya kuwa kijana mwenye simu amevikusanya vyote viwili katika kidole gumba kimoja. Asema kwa mkono wake. Na Sura ya Qaf, aya ya 18, yatukumbusha kuwa hapana neno ambalo mtu alitamka ila yuko karibu naye mwangalizi aliye tayari kuliandika. Maandishi hayo hayana siku mbili na saa 12.

Kijana yule aliyetukanwa amerudi chuoni tangu Jumatatu. Ameketi safu moja na aliyemtukana, ila si bega kwa bega kama zamani. Baina yao wamemwacha mtoto mmoja mdogo. Sikuwaambia kitu. Usiku, nasikia, wanacheza kikosi kimoja.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu na vidole vyetu, aitulize nchi ya ng'ambo ya mto na ya upande huu, na awatie watoto wetu haya ya kuandika lile ambalo hawaoni haya kulisema usoni mwa mtu. Amin.

Wassalaam alaykum.